Wiki Niliyowapa Dawa Kuku wa Mama Mkubwa

Nilifika Isingiro siku ya Jumanne nikiwa na begi moja na mabuti ya mpira, nikitokea kwenye machimbo ya bati ambako nilikaa miezi minne bila kuona bati la maana. Sikuwa nimetoa taarifa. Kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, sijawahi kutoa taarifa. Huwa natokea tu kati ya migomba, naye huniuliza neno lile lile.

"Umechoka kuzunguka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechoka, au umefukuzwa?"

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, nilitaka kujua lori la kahawa linakwenda wapi. Tangu hapo nimechunga ng'ombe wa watu, nimefyatua matofali Kiruruma, nimebeba magunia, nimechimba. Kila mahali nimejifunza kazi nikaiacha katikati, kwa hiyo najua nusu ya mambo mengi. Chochote chenye maandishi nakisoma, hata mfuko wa mbolea. Mama mkubwa hujivunia jambo hilo mbele ya majirani na kulicheka tukiwa wawili.

Safari hii nilichoona kwanza ni shamba. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia, na upande wote wa chini migomba ilikuwa imebaki visiki. Nilichoona cha pili ni kuku. Walikuwa majike tisa na jogoo, mabaki ya kundi kubwa lililofagiliwa na ugonjwa wa kideri mwaka uliotangulia. Walikuwa wamesimama. Kuku mzima hasimami hivyo, huchakura. Hawa walishusha mabawa, vilemba vyao vimepauka, na nilipomkamata mmoja kifua chake kilikuwa kikali kama panga.

Nilichukua kijiti nikachambua kinyesi chao. Ndani yake mlikuwa na mnyoo mweupe, mrefu kama kidole, na ulikuwa bado unajikunja.

"Acha kuchezea mavi," alisema mama mkubwa. "Mtu mzima."

"Mama, hawa wana minyoo."

"Nani hana?"

Lakini jioni ile, tukimenya ndizi, aliniambia mwenyewe. Kuku hawakuwa wametaga tangu maharage yatoe maua, na sasa maharage yalikuwa yanakaribia kung'olewa. Yeye nyama ya kuku hali, wala yai hali. Wanawake wa umri wake walilelewa hivyo na hawajabadilika. Yai kwake ni la Jumapili. Katika mtaa wetu wa Kilutheri, asiye na fedha hutoa alicho nacho: kikombe cha maharage, mkungu, kuku. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Mkungu hauwezi tena, mgongo umekataa, na mikungu yenyewe iko wapi? Yai lilikuwa linamtosha. Kila Jumapili alilifunga kwenye leso, akapanga foleni na wenzake, akaliweka mbele. Tangu mume wake azikwe hakuwahi kupitisha Jumapili bila kutoa, mpaka kuku walipoacha kutaga.

"Sasa nakaa benchi la nyuma kabisa," alisema. "Ukikaa katikati, watu wakienda kutoa wanakuruka magoti. Unakuwa kama gogo njiani."

Nilimuuliza nani kakaa mahali pake.

"Hakuna. Wamepaacha wazi. Ndiyo mbaya zaidi."

Jumatano nilikwenda senta kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa dada mwenye mtoto mgongoni. Aliniuliza ni kuku wangapi, akanipa pakiti ya unga.

"Hii ni ya kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo pima. Jioni waondolee maji. Asubuhi uwachanganyie hii. Wakiwa na kiu hawachagui."

Njiani nilisoma pakiti yote, mbele na nyuma, mpaka mahali palipoandikwa tarehe. Ilisema mayai na nyama visiliwe kwa wiki moja.

Kuku wa mama mkubwa hulala jikoni. Jioni niliondoa sufuria yao ya maji. Alhamisi asubuhi niliweka beseni la dawa mlangoni, nikafungua, nikakaa kwenye kigoda ili nione mnyama mwenye kiu anavyokunywa. Walitoka mmoja mmoja, wakalipita beseni kama halipo, wakaingia kwenye migomba.

Niliwafuata. Jirani upande wa juu, mtu ambaye baba yake alitoka Burundi zamani, hutengenezea watu rubisi, pombe ya ndizi na mtama, kwa ajili ya sherehe. Asubuhi ile alikuwa anachuja. Makapi ya mtama yalikuwa yamemwagwa chini kando ya mtumbwi wa kukamulia, na kuku wangu walikuwa juu yake, wamezamisha midomo.

"Kaka msafiri!" aliita. "Shemeji zangu hawa wameamka na kiu gani? Hata wenye harusi hawajaonja!"

"Wafukuze, bwana, wana dawa ya kunywa nyumbani."

"Hii nayo ni dawa. Muulize jogoo."

Jogoo alikuwa amekaa chini. Alijaribu kuwika, sauti ikaishia katikati, akatazama huku na huku kama aliyeulizwa swali. Jirani alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Nami nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka wiki ile.

Tulipowarudisha, wengine wakipepesuka, maji ya beseni yalikuwa yamepungua. Si sana, vidole viwili hivi. Huenda baadhi yao walikunywa kabla sijawakuta kwa jirani, maana sikuwahesabu kule. Huenda alikuwa mbwa. Mtu anayejua kazi nzima angesubiri. Mimi niliamua kwamba hawakunywa, na dawa iliyobaki kwenye pakiti ilinitazama.

Ijumaa niliwafungia jikoni. Nilichanganya upya, nikaongeza unga kidogo ili kufidia siku iliyopotea, nikatumia bomba la sindano lisilo na sindano. Mama mkubwa alikuwa anamshika kuku miguu na mabawa, mimi nafungua mdomo. Wote kipimo kimoja, mnene na aliyekonda. Alikuwepo mmoja wa madoa aliyekuwa mwepesi kama kikapu kitupu, naye nikampa hicho hicho.

Mchana dawa ilifanya kazi. Chini ya ukuta wa jiko minyoo ilikuwa imetoka mafungu, mengine yamesokotana kama uzi.

"Mawe!" mama mkubwa alimaka kwa Kinyambo, akashika kiuno. "Haya yote yalikuwa yanakula ndani?"

"Yote."

"Basi hata mimi nisingetaga."

Alikwenda mwenyewe kubadilisha nyasi kwenye kiota. Alikuwa akiimba kwa chini pambio la Kinyambo. Nilimwambia kwamba, hata wakitaga, mayai ya wiki hii hayaliwi.

"Nani anakula? Umewahi kuniona nakula yai?"

"Wewe huli. Lakini anayelinunua mnadani anakula."

Alipapasa nyasi za kiota tena ingawa zilikwisha kulala sawa.

"Basi Jumapili ijayo," alisema. "Wiki ni nini? Nimengoja zaidi."

Jumamosi asubuhi yule wa madoa alikuwa amekufa chini ya meza ya vyombo. Wa pili alikufa kabla ya chai. Saa sita mchana walikuwa wanne. Nilimpigia dada wa dukani.

"Waliodhoofu sana hupewa kidogo kidogo," alisema. "Minyoo ikifa yote kwa mkupuo inaziba utumbo. Uliwapa mara ngapi?"

"Mara moja. Labda mbili."

"Labda?"

Niliaga.

Kisha nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilifanye. Nilichukua kisu, nikamlaza yule wa madoa juu ya jani la mgomba nyuma ya nyumba, nikampasua. Nilitaka kujua. Utumbo ulikuwa umevimba mahali pamoja kama soksi iliyojazwa. Nilipoukata, minyoo ilikuwa imeshindiliwa humo, imekufa, imelala upande mmoja kama mabua kwenye mzigo. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nilifuata utumbo kwa kidole nione unaanzia wapi kuziba na unaishia wapi, nikawa nasema peke yangu, "Kumbe! Kumbe ndivyo!"

Nilipoinua macho mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa naangalia kilichowaua."

"Nakuuliza habari ya uso. Uso wako umefurahi."

Ilikuwa kweli. Alichukua jembe lililoegemea ukutani, akachimba shimo mwenyewe, na nilipotaka kumpokea alisema niache. Alichimba polepole sana. Nilibaki nimesimama na mikono yangu michafu.

Jumapili niliamka nikamkuta amevaa. Mkononi alikuwa amemshika yule mwekundu, mnono kuliko wote waliobaki, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

"Mama, si tulisema wiki ijayo?"

"Yai ni wiki ijayo. Huyu ni kuku. Wakifa wote wiki ijayo nitatoa nini? Atakayemnunua atamfuga."

Tulikwenda. Alipita benchi la nyuma bila kuliangalia, akakaa mahali pake, na mwanamke aliyekuwa kando yake akasogea kidogo na kumshika goti. Wakati wa sadaka alisimama kwenye foleni, kuku kifuani. Sijui niseme nini kuhusu mgongo wake wakati ule. Ulikuwa umenyooka.

Baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama nje kunadi. Yalipita maharage, ikapita mihogo, kisha akamwinua yule mwekundu juu.

"Jike la mama yetu huyu! Mnamjua, hatoi kibovu. Nani anaanza?"

Mtu mmoja alitaja bei, mwingine akapandisha. Mwalimu wa shule, mtu mchangamfu, akapanda juu yao wote. "Leteni huyo," alisema. "Nina wageni kutoka Kibingo saa nane hii. Leo hii watakunywa mchuzi!"

Watu walicheka. Mama mkubwa naye alitabasamu, ila aligeuza kichwa kidogo upande wangu, na sasa najua alikuwa ananiomba kitu. Wakati ule nilijua tu kilichoandikwa kwenye pakiti.

"Mwalimu," nilisema, "usimchinje leo. Subiri wiki iishe."

"Kwa nini?"

"Amenyweshwa dawa ya minyoo."

"Ah, minyoo tu," alisema mwalimu, akaanza kucheka.

"Na wenzake wako wapi?" aliuliza mama mmoja kutoka pembeni. "Mbona nasikia jana mlikuwa mnachimba?"

"Wanne wamekufa. Lakini si ugonjwa wa..."

"Kideri!" mtu alisema, na hapo kicheko kikaisha. Hakuna nyumba pale ambayo haikuzika kuku mwaka ule. Nilisema si kideri. Nilieleza utumbo, nilieleza kuziba, nilionyesha kwa vidole. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyorudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa kola. Mwalimu alisema labda wageni wake wangependa maharage.

Mzee wa kanisa alimshusha kuku, akamweka chini kando ya ukuta, akapangusa viganja kwenye suruali. Kisha akainua mkungu uliofuata.

Kilichokwisha kutolewa hakirudi kwa mtoaji. Tulimwacha pale ukutani, miguu imefungwa, mdomo wazi kwa jua. Mama mkubwa hakusubiri mnada uishe. Nilimfuata nyuma hatua chache, na tulikuwa tumekwisha pita kisima aliposema, bila kugeuka:

"Ulisema kweli. Sikulaumu kwa kusema kweli."

"Nisamehe, mama."

"Ungeniuliza mimi kwanza, ningeinuka nimwambie mwalimu mwenyewe. Angenisikia. Angempeleka nyumbani akamfungia bandani wiki nzima. Mimi wananijua."

Alitangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Waliobaki, majike manne na jogoo, walipona. Dawa ilikuwa nzuri. Wiki ya tatu vilemba vilirudisha rangi, wakaanza kuchakura shamba zima, na mmoja akataga, kisha wawili, kisha wote. Siku zilizoandikwa kwenye pakiti zilikuwa zimepita. Nilimletea mama mkubwa yai la kwanza Jumamosi, bado lina joto. Alikuwa ameshika panga, anakata mgomba mwingine ulioanza kunyauka.

"La Jumapili hilo," nilisema.

"Nani atalinunua?"

"Wamepona, mama. Nitawaeleza."

"Usiwaeleze tena," alisema. "Nakuomba."

Hakwenda kanisani Jumapili ile, wala iliyofuata. Mwinjilisti alikuja kumwona, akaambiwa ni mgongo. Mayai yalijaa kwenye kiota na majirani hawakuyataka, hata jirani wa rubisi alikohoa akasema watoto wake hawapendi mayai. Hayakuwa na mlaji mwingine pale nyumbani ila mimi. Kila asubuhi mama mkubwa alinichemshia mawili, akaniwekea chumvi pembeni, akakaa upande wa pili wa moto kunitazama nikiyamenya.