Kiwiko Kina Tumbo na Mgongo

Nyumba zetu Waorma, zile za miti ya kupinda, hujengwa na wanawake. Mwanamume akishika sindano ya nyumba watu watamcheka mpaka ng'ombe warudi. Wala nyumba haishonwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje, mwingine ndani. Wa nje anachoma mkeka wa nyasi kwa sindano ya mti yenye kamba, ndefu kama mkono, na kuita, "Shika!" Wa ndani anaipokea, anaizungusha kamba kwenye ufito, anaichoma irudi nje. Akichelewa unamwitia, "Nirudishie!" Hamwonani, mnasikizana tu.

Wa ndani wangu alikuwa mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto hajaota meno, nikamlea mimi.

Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani mwaka mzima. Siku moja akarudi kutoka Garsen na karatasi. Kuna chama cha mafundi huko Mombasa, akasema, kinachukua wanagenzi: miaka minne unafanya kazi chini ya fundi huku unasoma darasani, ukimaliza unapewa cheti, na wewe ni fundi wa chama.

"Fundi wa nini?"

"Wa kuvalisha mabomba, Akko." Akko ni nyanya kwa lugha yetu.

"Kwani bomba linaolewa lini?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza. Viwandani kuna mabomba ya mvuke yanayounguza, na mengine baridi yanayotoka jasho. Yakiachwa uchi, moto unapotelea njiani na watu wanaungua. Kwa hiyo yanafungwa sufi ya mawe, halafu juu yanavalishwa bati.

"Mawe yana sufi?"

"Yanayeyushwa, Akko, yanavutwa kama nyuzi."

Nilimwambia mji una uongo mwingi. Lakini nilimwacha aende. Moyoni nilijisemea, mikono laini ile, siku tatu atakuwa hapa.

Ilikuwa miezi mitatu. Muda wote huo nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili, unaobaki wanakula mbuzi. Alikuja vipele vimemtoka mikononi kwa ile sufi, akaketi mlangoni bila kuvua viatu vyake vikubwa vya kazi.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

Alikuwa ameanguka mtihani wa majaribio. Bomba lililonyooka alilivalisha vizuri kuliko wenzake wote. Kilichomshinda ni kiwiko, pale bomba linapopinda. Bati lake liliacha mwanya kwa nje, na kwa ndani likajaa mikunjo kama shingo ya kobe. Msimamizi alimwambia mbele ya watu, "Dada, hicho kiwiko chako kimevaa nguo ya kaka yake." Akampa wiki mbili arudie. Akishindwa tena, chama hakimwandiki.

Nilifurahi. Sitadanganya mtu. Nilimchemshia chai ya maziwa matupu, nikamtazama akinywa, nikamshukuru Mungu kwa kile kiwiko.

Kesho yake tukashona upande wa nyumba uliolegea. "Shika!" "Nimeshika!" Sauti yake iko ndani ya nyumba yangu, kama zamani. Halafu sindano haikurudi. "Nirudishie!" Haiji. Nikazunguka, nikamkuta amesimama na sindano mkononi, anatazama juu, pale paa linapoinama kuwa ukuta.

"Akko, hapa pamepinda. Mbona mikeka haina mikunjo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilifundishwa na mama yangu nikiwa mdogo, kwa makofi. Na nilijua vilevile kwamba nikifunga mdomo wiki mbili tu, mtoto ni wangu.

"Ni mazoea," nikamwambia, nikaenda kwa mbuzi.

Sikukamua hata mmoja. Na si huruma iliyonirudisha, msinipambe. Ni kiburi. Mimi niliyeshona nyumba za maharusi kutoka kwetu mpaka karibu na Tarasaa, mjukuu wangu aambiwe hajui kuvalisha mpindo? Nikarudi na gunia kuukuu na mkasi. Nikaketi, nikakunja mkono wangu mbele yake.

"Bomba lako hili. Kiwiko kina tumbo na mgongo. Tumbo ni huku ndani, fupi. Mgongo ni huku nje, mrefu. Wewe umekata upana mmoja, mgongo umekosa, tumbo limezidi. Kata kama kipande cha tikiti maji. Kipana mgongoni, chembamba tumboni. Kimoja kilalie kingine."

"Walinionyesha kwenye karatasi, mistari na hesabu. Sikuona."

"Karatasi haina mgongo. Kata."

Kipande cha kwanza kilivimba. "Kaka yake amerudi," nikamwambia. Akacheka, akakata tena. Jua lilipopoa alikuwa amenivalisha vipande saba, vimelala laini, na mkono hausogei. Jirani yangu akapita kuomba chumvi.

"Mama, umevunjika?"

"Nimevalishwa."

"Haya, bibi harusi! Chumvi nitajichukulia."

Mjukuu wangu alikata na kukata siku zote zilizobaki. Alipoondoka alivifunga vile vipande saba kwenye leso yake.

Siku ya mtihani alipiga simu. "Akko, nimepita! Msimamizi amepitisha kidole tumboni akitafuta mkunjo, akakosa. Akaniuliza nani amenifundisha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, bomba lenyewe ndilo lililonifundisha."

Nilicheka. Nikamwambia hongera, nikamwambia ajifunge kitambaa mdomoni asizivute zile nyuzi. Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni.

Miaka minne. Na baada ya hiyo kazi iko huko kwenye mabomba, sisi huku hatuna mvuke ila wa sufuria.

Mvua inakaribia na mikeka ya upande wa mlango imelegea. Jirani ameniahidi kuja akimaliza shamba, lakini mawingu hayamsubiri jirani. Nashona mwenyewe. Nachoma sindano nikiwa nje, nazunguka, naingia, naivuta, naizungusha kamba kwenye ufito, naichoma, natoka tena kuipokea. Mshono mmoja, safari mbili.

Juzi nilijisahau. Nilichoma sindano, nikangoja, nikaita, "Nirudishie!"

Sindano ilikuwa imesimama pale kwenye mkeka, nusu nje, nusu ndani. Nikajifunga leso vizuri, nikazunguka kuifuata.