Kombe la Kizungu

Nilipokuwa mtoto, pale Kariakoo, niliwahi kumnywesha baba yangu Kiingereza. Semeni nimechanganyikiwa, mwanamke mwenye digrii na asiye na kazi keshazoea kusemwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nina miaka tisa. Baba, fundi seremala, alikuwa amepata kazi ya ujenzi Mtwara, na adhuhuri ya siku ninayoisimulia alikuwa apande meli. Bibi, mama yake, hakuipenda safari ile. Akaenda kwa maalim wa mtaa wa pili, akarudi na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani iliyokorogwa kwa marashi. Ilikuwa itiwe maji, maandishi yayeyuke, msafiri ayanywe kabla hajavuka kizingiti. Hilo ndilo kombe. Aliyelinywa hurudi, Bibi hakuwa na shaka hata chembe.

"Babu yako alikataa kunywa," aliniambia. "Umewahi kumwona?"

Sikuwahi.

Akaifunika sahani kwa kawa, akaenda sokoni kununua vya kumfungashia mwanawe.

Nami, mpenda sifa, nikaosha vyombo. Vyote. Mle ndani mlikuwa na giza; niliona sahani yenye umanjano nikadhani ni mchuzi wa bizari wa jana. Nikaisugua kwa majivu na makumbi mpaka ikang'aa. Harufu ya marashi ndiyo iliyonishtua, na hapo maji yalikwisha kuingia mferejini.

Fimbo ya Bibi sikuiogopa. Niliogopa Baba asirudi.

Bibi alikuwa amerudi pia na kikombe cha zafarani iliyobaki, na kijiti chake cha kuandikia. Aya sikuweza kuiandika. Chuoni nilikuwa bado napambana na alifu na bee. Kiswahili nilikijua, lakini nilikiona ni cha kuombea chumvi kwa jirani, kitamzuia nani kufa? Kizungu, hicho kilikuwa na nguvu. Nilikuwa nimewaona watu wazima wakisema "yes sir" mbele ya vijana wasio na ndevu. Basi nikaandika tulichofundishwa shuleni wiki ile, nikikizungusha sahanini kama afanyavyo maalim: *My father is going on a journey. He is a good man.*

Bibi hakujua herufi, si za Kiarabu wala za Kizungu. Aliporudi aliona umanjano, akatosheka.

"Haya mwanangu, nywa. Usiache hata tone."

Baba alijua kusoma. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Maalim wa leo ana mwandiko mzuri," alisema.

"Acha maneno, we! Meli haikungoji."

Akatia maji, akakoroga kwa kidole, akasema bismillahi, akanywa yote. Alipopita pale mlangoni akanishika kichwa. "Mama, mwambie maalim wako asiache kuandika."

Akavuka kizingiti. Nilitaka kumkimbilia niseme kila kitu, lakini kwetu msafiri akishatoka haitwi nyuma. Ukimwita umemtia nuksi. Nikajiziba mdomo kwa kanga ya Bibi, nikamwangalia anakata kona.

Zilikuja barua mbili. Ya tatu aliiandika mtu mwingine: homa, siku nne, wameshazika.

Bibi hakumlaumu Mungu, hakuilaumu homa. Alimlaumu maalim. "Kalamu yake haina baraka! Mwanangu alikunywa mpaka tone la mwisho!" Aliyasema kisimani, akayasema sokoni, na watu wakaacha kugonga mlango wa yule mzee. Kila nikikutana naye nilisema shikamoo nikitazama vidole vya miguu yangu, naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa upole ambao afadhali angenizaba kofi. Mwisho akahamia Magomeni. Akafia huko. Sikusema neno.

Sasa nimesoma, tena sana. Najua homa haiulizi mtu alikunywa nini. *Rationally speaking*, kama tulivyokuwa tukiringa chuo kikuu, sikumuua mtu. Lakini hata mchana kweupe bado hunijia kwamba nilimwandikia Baba kwenda tu. Ukurasa wa kurudi darasa letu lilikuwa halijaufikia. Nilikuja kuufikia baadaye, nikafaulu, nikapewa cheti.

Kile Kizungu chenye nguvu nimekiandikia barua za kuomba kazi mpaka wino umeniishia, na majibu yake ni yale yale: *We regret*. Nyie m-regret nini, hata hamkusoma! Katika maisha yangu ni mtu mmoja tu aliyenisoma mpaka mwisho, akajua ni kosa, na bado akameza.

Maalim sikumwomba radhi akiwa hai. Namwomba leo, kwa lugha ile ya kuombea chumvi, ili majirani waisome.