Niliweka email ya ofisi ijitume kwa watu watano, ikakosa mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Niko ofisini Kariakoo, nasubiri foleni ya Msimbazi ipungue ndiyo nitoke. Ninayoandika yamenitokea mimi, sijasimuliwa na mtu. Nilipokosea nitasema nimekosea. Nilipokuwa sahihi pia nitasema, maana napo papo.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kampuni ya familia moja ya Kihindi inayoingiza cherehani na vipuri vyake. Duka liko chini, ofisi ghorofa ya kwanza, ghala Buguruni. Mwenye kampuni tunamwita Mzee tu. Mwanawe, Kirit, ndiye meneja.

Kampuni ilikuwa na anwani moja ya email. Moja tu.

Password yake alikuwa nayo mtu mmoja: katibu muhtasi, Mama Rehema. Huyu mama yuko pale tangu enzi za teleksi, wakati kuingiza nchini hata sindano ya cherehani kulitaka kibali.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi Mama Rehema anafungua email, anaprinti kila moja, anaziweka kwenye jalada, anampelekea Mzee. Mzee anasoma. Anachukua kalamu ya wino wa kijani, anaandika jina la mtu kwenye kona ya juu ya karatasi.

Basi. Ukikuta jina lako kwenye kona, kazi hiyo ni yako mpaka iishe. Usipolikuta, haikuhusu. Na hakuna mwingine ofisini aliyeruhusiwa kutumia wino wa kijani.

Wiki ya kwanza nilidhani wananitania mgeni.

"Shikamoo Mama. Hivi kwa nini tunaprinti email?"

"Marahaba. Ili isomwe."

"Si inasomeka kwenye kompyuta?"

"Inasomeka na nani? Kompyuta inakaliwa na mtu mmoja, ofisi ina watu wangapi? Wewe msomi, kaa unywe chai."

Wanaonijua humu wanajua mimi siwezi kuambiwa "ndivyo ilivyo" nikanyamaza. Nikaanza kuchunguza. Mzee akiwa na safari, jalada linamsubiri mezani. Msambazaji wetu China anauliza swali Jumatatu, anajibiwa Alhamisi. Wakati huohuo vijana wa maduka ya jirani, ambao juzi tu walikuwa wanauza nyuzi barazani, wanakwenda China wenyewe na wanajibu email wakiwa internet cafe. Soko limefunguliwa kwa kila mtu, sisi tunasubiri kalamu.

Nikamfuata Kirit. Nikamwambia naweza kuweka email ijitume yenyewe kwa watu wote wanaohusika, ikiingia tu.

"Inawezekana?"

"Kwa nusu saa, bosi."

Kirit akachukua password kwa Mama Rehema, na kweli ilikuwa nusu saa. Kwa wasiojua: unaingia kwenye mipangilio ya anwani ya ofisi, kule kwa watu wanaowahifadhia email. Unatafuta sehemu ya forward. Unaandika anwani za wapokeaji, unazitenganisha kwa mkato. Halafu, na hapa wengi hukosea, unaweka alama ya kubakiza nakala, la sivyo inbox ya ofisi inabaki tupu.

Niliweka anwani binafsi za watu watano. Mzee, Kirit, Sudi ambaye ni wakala wetu wa kutoa mizigo bandarini, Msafiri wa ghalani, na mimi. Ghalani ilibidi tupeleke kompyuta ya zamani ya dukani.

Mama Rehema sikumweka. Nilijiuliza wa nini, nikajijibu hana haja nayo.

Siku ya kwanza palizuka kituko. Kirit aliwahi kuiwekea anwani yake forward ya kurudisha kila kitu ofisini, enzi akiwa safarini, akasahau. Kwa hiyo email inaingia ofisini, inaenda kwa Kirit, kwa Kirit inarudi ofisini, ofisini inatoka tena. Mpaka adhuhuri inbox zote zimefurika tangazo moja la mafuta ya cherehani. Msafiri akapiga simu kutoka Buguruni: "Kaka, hawa watu wa mafuta wana shida gani na mimi?" Nikaifuta forward ya Kirit, mambo yakatulia.

Baada ya hapo ikawa raha, na kuprinti kukakoma. Email inatoka China, dakika moja watu watano wanayo. Nilitembea ofisini kama niliyeivumbua.

Wiki ya pili Kirit akaniuliza, kama utani, "Sasa Mama Rehema atakuwa anafanya nini?"

Nikacheka. Wakuu, nilicheka tu, sikusema kitu.

Siku chache baadaye mama akapewa barua. Mwisho wake ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ana mtoto kidato cha tatu, anamlea peke yake.

Alikuja mezani kwangu na kikombe chake cha chai.

"Mwanangu, mtambo wako umenila."

Nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Sijaja kugombana. Nifundishe na mimi hiyo forward, nikienda kuomba kazi kwingine wasiniambie nimezeeka."

"Kesho, Mama."

Kesho nilikuwa na shughuli. Keshokutwa pia. Nilikuwa namkwepa, tusidanganyane.

Wiki hiyohiyo msambazaji alituma email yenye rasimu ya bill of lading, yaani ile hati ya meli inayoeleza mzigo ni nini na ni wa nani. Alitaka tuikague na kumjibu ndani ya siku mbili, tusipojibu anachukulia ni sawa. Ilifika kwa watu wote watano, kama nilivyopanga.

Hakuna aliyejibu.

Meli ikaondoka. Bahasha ya hati zenyewe ikaja kwa mtu wa vifurushi, zikiwa zimebaki siku nne Mama Rehema aondoke. Bahasha bado zilikuwa zinapitia kwake. Akaifungua, akasoma, akaenda kabatini kutoa jalada la oda ile. Akaziweka pamoja.

"Jamani, mbona hapa wameandika cherehani kamili? Sisi si tuliagiza vipuri?"

Nikasogea. Kweli. Kontena la vipuri, karatasi inasema cherehani. Mzigo ukifika bandarini na karatasi isiyofanana nao, mnaonekana mnadanganya, na kulitoa kontena hilo ni kesi ya kuzeekea.

"Rasimu haikuja?" akauliza. "Nani aliijibu?"

Mzee akatuita wote chumbani kwake, hata Msafiri akaja kutoka Buguruni. Mama Rehema akaambiwa aje na jalada.

"Nani aliiona hii email?"

Sudi akaanza. "Mimi niliiona, Mzee. Lakini nilijua na bosi kaipata, nikasema atakuwa ameshika yeye."

Kirit akang'aka. "Nishike mimi mambo ya bandari? Bandari ni yako wewe!"

"Sasa si ungeniambia ni yangu?"

Msafiri akakohoa. "Mimi ghalani napokea mizigo, sipokei karatasi. Halafu haikuwa na jina."

"Jina gani?" Kirit akauliza.

"Jina, bosi. Lile la kijani."

Sudi alitaka kucheka, akamwangalia Mzee, akaghairi.

Mzee akasema, taratibu, "Na mimi niliiona. Nikasubiri iletwe mezani niiandike."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Ofisi nzima, hadi Mzee mwenyewe, walikuwa wanasubiri kona ya karatasi ambayo mimi nimeifuta. Macho yote yakaja kwangu.

Nikasema ukweli. "Mimi niliifungua. Nikafurahi kwamba imewafikia watu watano kwa dakika moja. Sikusoma ilichosema."

Mama Rehema akafungua jalada. "Meli bado iko njiani. Zamani tuliwahi kurekebisha hati kabla mzigo haujatia nanga. Tunawaandikia China leo, wao wanawaambia watu wa meli. Barua tuliyoandika wakati huo ninayo kwenye jalada."

Mzee akaichukua ile bahasha. Akavuta kalamu ya kijani. Akaandika kwenye kona ya juu, taratibu kama anavyoandika siku zote, akamsogezea.

Jina lilikuwa Mama Rehema.

"Mzee," mama akasema, "mimi mwisho wangu ni Ijumaa."

"Jina liko kwenye kona."

Wote mle ndani tunajua maana yake: kazi ni yako mpaka iishe. Na meli ilikuwa na wiki tatu nzima baharini.

Ijumaa ikapita. Hati ikarekebishwa, kontena likatoka. Siku lilipoingia ghalani, Mzee alimsogezea mama karatasi nyingine yenye jina lake kwenye kona. Ile barua ya kumwachisha kazi sijawahi kuisikia tena.

Nilimwomba radhi. "Radhi baadaye," akasema, "forward kwanza." Alielewa kwa siku moja.

Sasa wakuu, msiseme nimegeuka mpinzani wa teknolojia. Forward ipo mpaka leo na sijutii kuiweka. Jalada lilikuwa linatuchelewesha na ningeulizwa tena ningesema vilevile. Kosa langu ni kwamba niliuliza kwa nini tunaprinti, sikuuliza wino wa kijani unafanya kazi gani. Mtu anayependa kuuliza kama mimi, swali lenyewe ndilo nililoliruka.

Siku hizi orodha ina watu sita, na Mama Rehema ndiye wa kwanza. Email ikiingia anaisoma, anatujibu wote, na mstari wa kwanza ni jina la mtu mmoja. Analipaka rangi ya kijani. Mzee ndiye aliyempa ruhusa, na alicheka sana alipoliona kwenye kompyuta.

Kama unataka kuweka forward ofisini kwako, weka. Ila kabla hujaandika anwani ya pili, jua nani atajibu. Na yule aliyekuwa anaigawa kazi hiyo kwa mkono, mweke mwanzo wa orodha, usimtoe.

Hebu niambieni, kwenu email ikienda kwa watu watano, nani huijibu? Na kuna mtu wa masjala aliyewahi kuwaokoa?

Mnitukane kwa zamu. Kuna email imeingia sasa hivi, na mstari wa kwanza una jina langu.