Antivairasi Ilipombwekea Shemeji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kutengeneza kompyuta pale Miembeni, nilifuta programu ya mteja. Antivairasi, yaani programu inayolinda kompyuta dhidi ya virusi, ilitoa onyo jekundu, nami kwa kiherehere changu nikalifuta faili kabla ya kusoma onyo hadi mwisho. Kumbe ilikuwa programu halali ya kuandikia nota za kwaya, na Pasaka ilikuwa imekaribia.

Fundi Mkuu hakunigombeza. Alitafuna kwanza punje zake za kahawa kavu, kama ilivyo desturi ya kwetu, kisha akauliza, "Binti, mbwa wa kwenu humbwekea nani?"

"Mgeni, mzee."

"Na shemeji akija mara ya kwanza?"

"Humbwekea pia."

"Sasa mtampiga mawe shemeji?"

Nilicheka huku nikiona aibu. Hapo ndipo nilipoelewa kengele ya uongo: antivairasi kushuku programu isiyo na kosa.

Miaka ikaenda, nikahamia ofisi moja Muleba. Mkuu wa Kitengo wa pale aliogopa virusi kuliko mnyauko wa migomba. Akiona wekundu tu, anataka kitu king'olewe na shina lake.

Ndipo alipoletwa Mwalimu Kamugisha. Alifundisha historia hadi macho yakapoteza nuru, akapangiwa kwetu kuandika barua na taarifa. Alipewa mwezi mmoja wa majaribio: akishindwa kuandika bila kushikwa mkono, arudi nyumbani. Alihitaji kisoma skrini, programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye skrini na kila herufi unayobonyeza. Kompyuta yake ilipofika hatimaye, wiki ya mwisho ya mwezi huo, nikaisakinisha kutoka kwenye flashi aliyokuja nayo. Antivairasi ikaikamata palepale na kuitia karantini, yaani kuifungia isiweze kufanya kazi. Sikushangaa sana, maana programu inayofuatilia kila herufi hufanana na zile za wezi wa nywila.

"Futa," akasema Mkuu wa Kitengo. "Hicho kinasikiliza kibodi."

"Ndiyo kazi yake, mkuu. Nipe hadi Ijumaa nikuletee ushahidi."

Ijumaa hiyo ndipo mwezi wa Mwalimu ulipokuwa unaisha. Mkuu alipotoka, Mwalimu akaninong'oneza, "Ma Kemi, waitu, tafadhali, izime hiyo antivairasi dakika tano tu. Nani atajua?"

Iliniuma, kwa sababu nilitaka sana abaki. "Nikimfunga mbwa ili shemeji apite, Mwalimu, mwizi naye atapita. Nivumilie."

Nikaanza upya. Nilipakua programu kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Nikakagua saini ya kidijitali, ule muhuri unaoonyesha imetoka kwa nani na kwamba haijachezewa. Kisha nikalituma faili kwa wenye antivairasi walichunguze. Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Kila asubuhi Mwalimu alikuja akaketi mbele ya kompyuta ile, mikono magotini.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, jibu likaja: faili ni safi, kosa ni la kwao na wamelirekebisha. Mkuu wa Kitengo alilisoma mara mbili, akavua miwani. "Haya, ifungulie."

Nikairuhusu hiyo peke yake, antivairasi ikabaki kazini. Spika ikakwaruza, kisha sauti ikasema: "Tishio limezuiwa. Programu hii ni hatari." Onyo la zamani lilikuwa bado kwenye skrini, na programu ilikuwa inajisomea mashtaka yake! Mwalimu alicheka hadi machozi, Mkuu naye akashika meza. Kisha Mwalimu akaandika jina lake, na sauti ikamtajia herufi moja moja. Kabla ya saa za kazi kuisha alikuwa ameandika barua nzima bila kushikwa mkono, akabaki kazini. Nilifurahi kama aliyepata mtoto.

Sasa nimestaafu, nipo Kashozi na kibanja changu cha migomba na kahawa. Vijana hunipigia simu: "Ma Kemi, imewaka nyekundu, nifute?" Nawauliza: imetoka wapi? Nani ameisaini? Umewauliza wenye antivairasi? Ukishindwa kujibu, iache humo humo karantini.

Siku ya kuniaga, hotuba iliandikwa na Mwalimu Kamugisha, peke yake, kurasa mbili. Nimeitundika sebuleni. Ina makosa mawili ya herufi, na nimekataa yasahihishwe.