Sanduku Lililosimama Barabarani

Nilikwenda Busia kufundisha watu kuuza. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka, nami nawaacha, maana ningekuwa wao ningecheka pia. Nilikuwa kijana wa Tanga, nimepanga vitu dirishani mwa duka la Mhindi miaka minne, basi nikajiona bingwa wa biashara. Nchi zetu zilikuwa zimepata uhuru juzijuzi tu. Chama kimoja cha vijana wa kujitolea kikatafuta watu wa kuvuka mpaka kuwasaidia wachuuzi na mafundi wadogo wa kwa jirani, nami nikanyoosha mkono kabla sijaulizwa.

Nikapangiwa kwa seremala mmoja, upande wa Kenya, banda lake likitazama barabara iendayo Uganda. Alikuwa mjane, akiishi na mama yake. Mama huyo alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa pale walipokelewa na mikono yake. Siku ya kwanza aliniwekea ugali wa wimbi na samaki mkavu, akanitazama mbavu. "Kula, mwalimu," akasema. "Mtu mwembamba hivi atafundisha nani?" Nilimpenda papo hapo, na sioni haya kulisema.

Fundi alikuwa hodari kweli. Vitanda vyake vya mvule ungevilalia na mjukuu wako akavilalia. Ila vyote vilikaa gizani ndani ya banda, na malori yakipita hayaoni kitu. "Biashara matangazo!" nikamwambia. Mimi mtoto wa pwani, niliyekuzwa na methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajifanya nimeisahau. Tukatoa vitanda nje. Nikachora kibao kwa rangi nyeupe, nikakipigilia juu ya mlango. Haikupita muda madereva na taniboi wao wakaanza kusimama. Fundi akaniita bosi, na kichwa changu kikavimba.

Niliona jambo jingine. Mtu akifa, ndugu zake walikuja alfajiri na kamba iliyopimwa urefu wa maiti, wakakaa chini wakingoja, na fundi akapigilia mbao mbiombio bila kuzipiga randa vizuri. Nikamwambia atengeneze jeneza moja mapema, zuri, alisimamishe nje watu waione kazi yake.

"Hapa hatufanyi hivyo," alisema. "Mtu anakufa kwanza, ndiyo tunapima."

"Ndiyo maana mnachelewa," nikajibu. Jeuri gani ile, Mungu anisamehe.

Lazima nieleze, si kujitetea. Kwetu jeneza ni la wote. Hukaa msikitini mwaka mzima limeegemea ukuta, likimbeba huyu leo na yule kesho, na maiti huzikwa kwa sanda tu. Utotoni tulicheza karibu nalo. Kwangu mimi jeneza tupu lilikuwa chombo kama ngazi. Haikunijia kabisa kwamba kwa hawa, ambao kila mtu huzikwa na sanduku lake, sanduku tupu ni swali.

Fundi alikubali kwa sababu mbili. La vitanda lilikuwa limefaulu, na aliona aibu kumkatalia mgeni aliyetoka mbali hivyo kwa ajili yake. Akalitengeneza, likang'aa. Nikakiongezea kibao changu mstari wa chini: MAJENEZA TAYARI.

Mama yake akatoka, akalizunguka mara moja bila kuligusa. "Hiyo sanduku inangoja nani?" akauliza.

"Inangoja mteja, mama," nikasema, nikacheka.

Hakucheka. Alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama chini, na yule mama akarudi jikoni.

Mwezi ule ule ukaja ugonjwa wa surua. Mtoto wa jirani, nyumba ya pili kutoka kwetu, akafa. Sanduku lake dogo baba yake alilifuata Matayos, kwa fundi mwingine, akapita nalo mbele yetu kwenye baiskeli bila kutusalimu. Usiku huo tuliliingiza lile la kwetu ndani, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Walisema tumekiita kifo. Wanawake wajawazito waliacha kumwita mama kuwazalisha. Hakuna aliyenunua hata kigoda. Niliposalimu watu "mulembe" njiani, nilijibiwa na kuku.

Fundi hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana! Alikaa bandani akinoa patasi ambazo hazikuwa na kazi.

Kisha mama akaanguka. Sijui ulikuwa moyo, sijui ilikuwa huzuni; alikaa siku nne, akafa mchana wakati nikimshikia kikombe cha uji. Fundi alilia mara moja kwa sauti kubwa, kama desturi, ili watu waje. Tukangoja. Kwao mtoto hachimbi kaburi la mzazi. Majirani huchimba, na usipochimbiwa umekuwa si mtu. Jua likazama. Hakuja mtu.

Asubuhi nilichukua jembe mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulishika. Kutoka shimoni nilisikia misumari ikilia: fundi alikuwa akilibomoa lile sanduku. Hakutaka mama yake alale ndani ya kitu kilichotengenezwa kabla yake. Alimpima kwa kamba, akazikata mbao upya, akazipiga randa upya, ili iweze kusemwa kwamba limetengenezwa kwa ajili yake.

Nilikuwa nimefika kiunoni nilipoona miguu ukingoni. Alikuwa yule jirani aliyefiwa na mtoto.

"Unachimba vibaya," alisema. "Nyembamba hivi, sanduku litapita wapi?"

Kweli, nilikuwa nikichimba kaburi la kwetu, la sanda. Alishuka, akanipokonya jembe. Nikaanza kulia mbele yake kama mtoto. Hakunitazama.

"Huyu mama alimpokea mtoto wangu," akasema akichimba. "Nimekuja kwa ajili yake. Si kwa ajili yenu." Alipomaliza alipanda juu, akafuta jembe kwa majani, akaenda zake. Maji ya kunawa tuliyomwekea hakuyagusa.

Tulirudi bandani kulifunga sanduku. Mbao za mfuniko zilikuwa zimepasuka misumari ilipong'olewa, na hakukuwa na mbao nyingine, wala mtu wa kutuuzia. Fundi alisimama akiangalia huku na huku. Kisha akapanda kigoda, akang'oa kibao juu ya mlango, akakipima kwa mkono, kikatosha pale penye pengo, juu kwenye kichwa. Nilimwomba angalau tuipige randa ile rangi. Akasema hakuna wakati, mvua inarudi. Upande wa maandishi akaugeuzia ndani, ili watu wasiuone, kama wangekuja watu.

Tulimshusha wawili, kwa kamba. Niliondoka kesho yake. Baadaye nilisikia fundi alivukia Uganda na kwamba haonekani tena sokoni. Mimi sikuandika chochote kwa wale walionituma. Maandishi yangu yako kule Busia, sentimita chache juu ya uso wa mama aliyenipa ugali, nami ndiye niliyeyaandika.