Kabati Kubwa Kuliko Nyumba

Mimi natengeneza meno bandia. Daktari wa kliniki yetu huniletea chapa ya kinywa cha mgonjwa kwenye nta, nami hukaa na jasi, tupa ndogo na taa ya kuinamia mpaka meno yakae juu ya fizi bila kucheza. Nikikosea kwa unene wa unywele, mzee wa watu hawezi kutafuna wala kumsengenya mkwewe. Kazini wananiita Mama Milimita, jina nililokuwa nikijifanya silipendi. Nalitaja mapema ili ujue ni mtu wa namna gani huyu aliyenunua kabati bila kupima mlango.

Kabla ya kabati kulikuwa na makochi ya dada yangu. Na kabla ya makochi nilikuwa mke wa mtu, katika nyumba iliyokwisha kupambwa na mama mkwe. Kila kiti mle kilikuwa na mahali pake tangu zamani, nami nikapewa pangu katikati ya viti. Mume wangu alipofariki, dada yangu mkubwa alikuja na gari la mizigo, akanipakia mimi na binti yangu mchanga, akatupa chumba kwake. Hakuniuliza kama nataka. Nashukuru hakuuliza, maana siku zile sikuwa na jibu la swali lolote. Sebuleni kwake palikuwa na makochi mapana ya rangi ya damu ya mzee, yamevishwa nailoni ngumu. Siku ya joto ukiinuka, nailoni inainuka nawe, halafu inakuachia kwa sauti ambayo mgeni lazima ajifanye hakuisikia. Binti yangu alikua, akapata kazi mji mwingine. Mimi nikabaki. Nikafika umri wa kuitwa bibi na sijawahi kuchagua hata mto wa kuegemea.

Ndipo muuguzi mmoja wa kliniki akaniambia kuna kijumba cha mbao kinauzwa pembezoni mwa mji. Chumba kimoja, jiko la kugeukia ubavu, ngazi ya kupandia darini pa kulala, na baraza mbele. Nilipoingia nikasimama katikati, mbao zikanukia, na mikono ikaanza kuniwasha. Nilitaka kusogeza vitu, na vitu vyenyewe havikuwepo. Nikakinunua.

Dada alikuja kukiona, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Mdogo wangu, hii ni nyumba au sanduku la nyanya?"

"Ni mtindo, dada. Nitachanganya vitu vya kale na vya kisasa."

"Vya kale ninavyo tele. Njoo uchukue."

"Si kale ya namna hiyo."

Akageuka, akashuka barazani na mkoba wake. Mimi kwa upumbavu wangu nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Kazini nako mdomo ulinikimbia. "Nyumba ndogo," nilikuwa nikiwahubiria, "inataka kitu kimoja cha kale chenye sauti, na vya kisasa vinavyojua kunyamaza." Sentensi hiyo niliisoma kwenye jarida la chumba cha wagonjwa, lililokuwa halina jalada, nikaitoa kama imechipuka kichwani mwangu. Daktari akaniomba ushauri wa mapazia. Nikampa!

Kitu chenye sauti nilikipata kwenye hoteli kuukuu iliyokuwa ikifungwa na kuuza vifaa vyake. Lilikuwa kabati la vyombo, jeusi, zito, lina milango ya vioo juu, droo chini, vipini vya shaba, na nguzo mbili zilizochongwa majani mpaka kileleni. Lilisimama mwisho wa ukumbi kama hakimu. Nikalipenda papo hapo, mapenzi ya mtu mzima, yale yasiyosikia dawa.

"Mama, kabati hili litakuzika," akasema muuzaji, akilipiga kofi ubavuni.

Nikachukulia kuwa ni sifa.

"Umepima nafasi lakini?"

Nikamtazama kwa huruma. "Baba, kazi yangu mimi ni kupima."

Wiki hiyohiyo binti yangu akaniletea vya kisasa, zawadi ya nyumba: meza ya kioo, na kiti cheupe kilicholala chini chini, chenye umbo la kijiko. Akanipigia simu. "Mama, kiti hicho kimebuniwa kwa ajili ya mgongo." Nilikitazama, sikuona mgongo unaingia wapi, ila nikamshukuru.

Kabati lilipofika, wapagazi walilijaribu limesimama, wakalijaribu limelala, wakalipindisha ubavu mpaka vioo vikalia. Jirani alitoa kiti chake nje akakaa kutazama. Mwisho kiongozi wao akajifuta jasho, akasema kwa upole, "Mama, hili lilizoea mlango mwingine." Wakaliacha barazani, mgongo wake ukiwa umeziba mlango wangu barabara. Kwa hiyo Mama Milimita akaingia nyumbani kwake kupitia dirishani, sketi ikinasa kwenye komeo, na jirani akamsukuma kidogo kwa heshima.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nikamwita fundi seremala, mtu mchangamfu ambaye hajawahi kukutana na jambo lisilowezekana, na hiyo ndiyo hatari yake. Alilizunguka kabati, akaizunguka nyumba, akapiga mluzi.

"Ni mawili tu, mama. Tukate kabati au tukate nyumba."

"Kabati la kale halikatwi, fundi."

"Basi nyumba!" akasema, na uso wake ukang'aa kama wangu. Siku ile sote wawili tulistahili kufungiwa mahali.

Akang'oa mbao za ukuta wa ubavuni, wapagazi wakaitwa tena, kabati likapitishwa, ukuta ukagongomelewa nyuma yake. Niliingia ndani kwa shangwe, nikawasha taa, ingawa ilikuwa mchana, kwa sababu kabati lilikuwa limeziba dirisha. Lilikuwa limeziba na ngazi ya darini pia. Kitanda changu kilikuwa juu, nami niko chini, na katikati yetu milango ya vioo. Nikatandika godoro sakafuni, kichwa kikawa jikoni na miguu chini ya meza ya kioo, ambapo niliweza kuitazama vizuri. Sikuwa na nyumba yenye kabati. Nilikuwa na kabati lenye baraza.

"Limekaaje?" wakaniuliza kazini.

"Kama limezaliwa pale," nikajibu, nikiinama juu ya fizi za jasi ili wasinione uso.

Naamini ningeishi hivyo mpaka nife, kwa kiburi tu, kama dada hangetangaza kuja kunitembelea. Nilipangusa kila kilichopangusika. Alipofika aliingia kwa ubavu, akatazama juu, akatazama chini, akaniuliza, "Hapa nani ndiye mpangaji, wewe au yeye?"

"Keti, dada." Nikamwonyesha kijiko cheupe, fahari ya kisasa.

Dada ni mtu wa mwili, na magoti yake yana malalamiko ya siku nyingi. Aliketi. Kisha akaendelea kuketi, akishuka na kushuka, mpaka magoti yakawa usawa wa masikio na mkoba ukakaa juu yake kama mtoto. Nikaweka chai juu ya kioo. Tukanywa kwa adabu, tukizungumzia mvua. Kabati lilitusikiliza.

"Haya," akasema mwishowe, "niende." Akajaribu. Hakuna kilichotokea. Akajaribu tena, kwa kukohoa kwanza, kana kwamba kikohozi kingemsaidia. "Nivute, mdogo wangu."

Nikamshika mikono yote miwili. Mahali pa kurudi nyuma hapakuwepo: kila nikivuta, nagonga kabati, vioo vinalia. Mara ya mwisho nilivuta kwa nguvu, nikajigonga, nikarudi mbele na kumwangukia dada mapajani, kifudifudi, kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Kisha nikasikia tumbo lake linatikisika chini yangu. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Tukacheka mpaka kilemba chake kikamwangukia usoni, mpaka nikashindwa kujinyanyua, mpaka jirani akaita kutoka nje, "Kuna usalama humo?"

Kicheko kilipoisha, nikiwa nimekaa sakafuni karibu naye, akauliza bila kunitazama, "Miaka yote ile, makochi yangu yalikuwa yanakuchukiza?"

"Hapana, dada."

"Ulikuwa unakaa ukingoni. Kama mtu anayesubiri kuitwa."

Nikafikiri. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza. "Niliogopa kuyachafua. Niliona unavyoyatunza na ile nailoni."

Akageuza kichwa, kiungo pekee alichoweza kugeuza. "Nailoni? Nailoni niliiweka kwa ajili ya mtoto wako! Alikuwa anamwaga maziwa, nawe ukimpigia kelele huku unalia. Nikasema niyafunike, mama yake apumue."

"Na kwa nini hukuivua alipokua?"

"Wewe si ndiwe uliyekuwa ukiipangusa kila Jumamosi? Kwa bidii ile, nikasema huyu ameipenda, nimwachie."

Nilikuwa nimeipangusa nailoni ile nusu ya maisha yangu kwa ajili yake, naye akaivumilia kwa ajili yangu, sote tukitokwa jasho. Niliweka kichwa changu gotini pake, ambapo, kwa sababu ya kile kiti, palikuwa pamefika urefu mzuri kabisa.

Alitoka kwa kubingirika upande, akatambaa kwa magoti mpaka kizingitini, mkoba mkononi, heshima yake haijapungua hata kidogo. Akajishika kwenye mlango, akasimama, akaligeukia kabati.

"Hili likatwe."

"Dada, ni la kale."

"Na sisi je? Mimi nilikatwa nyongo, mbona nipo."

Fundi akarudi. Safari hii alikuwa mnyonge, akipapasa mbao kama anaomba radhi. Lakini alipofungua kabati kwa nyuma akaniita. Chini ya rangi nyeusi, mgongo wote wa kitu changu cha kale ulikuwa plaiwudi.

"Mama, hili ni la kale... lakini si la kale sana."

"Fundi, kata."

Sehemu ya juu yenye vioo sasa imetundikwa jikoni, inabeba vikombe. Ya chini, yenye droo, imekuwa benchi pana chini ya dirisha, na mwanga umerudi. Nguzo moja nimeifanya ya kushikilia ninapopanda darini. Nyingine fundi aliikata vipande vinne, akakipachika kile kiti cheupe miguu. Sasa ni kijiko kilichovaa viatu vya babu, na ndicho kitu pekee nyumbani kwangu kilichochanganya kale na kisasa kweli. Binti yangu alipokiona alitazama pembeni kwa muda mrefu. Daktari alipokuja kunywa chai alikisifu, akaniuliza nimepata wapi. Nikamwambia ni ubunifu wangu. Mtu habadiliki yote kwa mkupuo.

Jumapili dada huja mchana, huvua viatu, hujinyoosha kwenye benchi kuanzia mwanzo hadi mwisho, husema anafumba macho kidogo tu, kisha hukoroma mpaka vikombe vinaitikia. Nafasi ya kupita haibaki. Mimi huchukua kikombe changu, nikaenda kukaa barazani, nikasubiri aamke.