Mchezaji Niliyemkalisha Benchi

Nilipewa timu ya wanawake ya chuo chetu kwa sababu mbili: nilikuwa mrefu, na hakuna mwalimu mwingine aliyekubali kubaki baada ya saa kumi jioni. Nilikuwa nikifundisha hesabu za biashara katika chuo kimoja kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, na kutoka nyumbani kwangu Makadara nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu. Mpira wa kikapu nilikuwa nimeucheza mtaani ujanani, kwa fujo zaidi kuliko ufundi. Ukocha nilijifunza kwa hofu. Nilihofia kufungwa, nikamhofia mkuu wa chuo, na zaidi ya yote nikawahofia wasichana wenyewe, ambao mwanzoni walinitazama kama fundi wa bomba aliyekuja bila vifaa.

Kiwanja chetu kilikuwa cha lami iliyopasuka, na ringi moja ilikuwa imepinda kwa kuning'iniwa na wanafunzi. Niliing'oa, nikaipeleka kwa mafundi wa jua kali kule Kariobangi, wakainyoosha na kuichomelea upya. Bado tukafungwa. Tulifungwa na vyuo vikubwa na vidogo, mpaka wasichana wakaanza kufanya mzaha kwamba sisi ndio tunaowafundisha wengine kushangilia.

Kisha akaja msichana wa mtaa wa Mowlem. Baba yake alikuwa dereva wa lori, kutoka jamaa ya watu wa Ukambani waliohamia Nairobi zamani, na yeye alikuwa anasomea uhazili. Alikuwa na mabega mapana na mikono mirefu, na mpira ukimfikia chini ya ringi, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini si ufundi wake tu uliotubadilisha. Alikuwa na kawaida ya kucheka tukiwa nyuma kwa pointi, kicheko cha mtu anayejua jambo zuri linalokuja, na wenzake wakaanza kuamini kwamba kweli lipo. Katika mwaka wake wa pili tukawa tunashinda. Wanafunzi wakaanza kujaa kando ya kiwanja. Mkuu wa chuo, ambaye hapo awali hakujua hata siku zetu za mazoezi, akawa ananisimamisha kwenye ngazi. "Bwana kocha, kombe linakuja lini?"

Mimi peke yangu sikuwa na raha. Nilikuwa nimegundua kwamba yule msichana anainama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Anakimbia kwenda na kurudi, kisha anapiga goti, anashikashika kamba, kichwa kimeinama, mgongo unapanda na kushuka. Nilijiambia kwamba ni uchovu. Kisha nikajikuta simwangalii anavyofunga vikapu tena. Namwangalia mgongo tu.

Jioni moja katikati ya mazoezi akaacha mpira ukampita. Akashika nguzo ya ringi kwa mikono miwili. Nilipomfikia, midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ni nini?"

"Si kitu, kocha. Ni jua tu."

"Jua gani? Si unaona mawingu?"

Akajaribu kucheka, hakuweza. Kesho yake nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliweka kipimo chake kifuani pa yule msichana na kusikiliza kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kusikia moyo wangu mwenyewe. Baada ya vipimo vingine akatueleza bila kuzunguka. Lango moja la moyo lilikuwa limeharibika, halifungi sawasawa. Huenda ni ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa, ukashuka mpaka moyoni.

"Asikimbie," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka apasuliwe na kurekebishwa. Akikimbia hivi anaweza kuanguka, na asiinuke."

Tulipotoka nje, msichana akanishika mkono wa shati. "Kocha, tafadhali. Bado mechi chache tu. Nikitoka uwanjani mimi ni nani? Ni mtu wa kupiga taipu tu."

Nilimwambia kwamba wa kupiga taipu anaishi. Akaniachia mkono, na kwa siku nyingi hakunisemesha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao Mowlem. Mama yake alikuwa sokoni. Baba yake alinikaribisha, akapunguza redio, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia usoni.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto anapandisha maji mpaka ghorofa ya nne kila siku. Umeshamwona mgonjwa wa moyo akibeba maji?"

"Mzee, daktari amesema—"

"Madaktari husema." Akaongeza sauti ya redio. Nikajua nimefukuzwa.

Mkuu wa chuo naye aliniita ofisini, kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea na nusu fainali ilikuwa karibu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema mzazi hana pingamizi, mchezaji mwenyewe anataka, sasa kocha anaogopa nini? Alisema wako walimu wengine warefu. Wiki nzima nililala vibaya. Kuna wakati nilijiuliza kama daktari hakukosea. Kuna wakati nilitamani mvua inyeshe, kiwanja kifurike, mechi iahirishwe, mtu mwingine aamue.

Mvua haikunyesha. Siku ya nusu fainali msichana alikuja amevaa jezi, akaketi mwisho wa benchi. Baba yake alikuwa kati ya watazamaji, bado amevaa koti la kazi. Mkuu wa chuo alikuwa amewaleta wageni wake na kuwakalisha mbele. Tulicheza vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini bila yeye chini ya ringi tulikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Kila mtu aliingia. Robo ya mwisho ilipoanza, watazamaji wakaanza kupiga makofi kwa pamoja na kumwita. "Mwingize! Mwingize!" Mkuu wa chuo akageuka kunitazama. Jasho lilikuwa likinitiririka ndani ya shati.

Ndipo msichana akainuka. Hakuniomba ruhusa. Akavua sweta, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi kuomba aingie. Nilimfikia akiwa ameshafungua kinywa. Nikamshika jezi kwa nyuma, nikamvuta mbele ya watu wote, kama mama anavyomvuta mtoto anayekaribia jiko.

"Niache!"

"Haingii," nikamwambia mwamuzi. "Mimi ndiye kocha. Haingii."

Watu walinizomea. Chupa ya plastiki ikanipiga begani. Msichana alifunika uso kwa sweta, akalia mpaka mechi ikaisha, na mechi ikaisha tukiwa tumefungwa kwa kikapu kimoja. Hakuna mchezaji aliyekuja kunipa mkono. Jumatatu mkuu wa chuo akaniarifu, kwa upole ule ule, kwamba timu amempa mwalimu mwingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya watu kutoka kanisani, mlango wangu ukabishwa. Alikuwa baba yake. Nilidhani amekuja kunipiga, na alipoketi aliniambia hivyo hivyo.

"Siku ile nilitaka nikupige, mwalimu. Nilishuka mpaka karibu na benchi." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Halafu nikamwona analia, ana hasira, anapumua. Nikarudi nikaketi."

Nikaufunga mlango.

"Alikuwa na dada yake mkubwa," akasema. "Tulikuwa tunalala wote chumba kimoja, wakikohoa wanakohoa pamoja. Yule aliondoka siku moja akifua nguo. Aliinama tu, hakuinuka. Watu walisema mengi, wengine wakasema ni kurogwa. Mimi nilikuwa nimeona anavyochoka. Huyu naye nilimwona. Ulipokuja kwangu nilikuwa najua, mwalimu. Nilijua kabla hujafungua kinywa, nikaongeza redio."

Nilimletea chai, haikunyweka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia mjini asikokujua, tuanzie wapi.

Tulianzia kwa yule daktari. Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu, na miezi ile ya kungoja ndiyo iliyonimaliza kuliko mechi yoyote. Kila simu ya ofisini ilipolia, nilijua ni habari mbaya. Siku yenyewe tulikaa ukumbini, baba yake, mama yake na mimi, tukiangalia mlango mmoja. Mama aliomba kwa Kikamba mpaka sauti ikakauka. Daktari alipotoka na kusema yuko hai na moyo unafanya kazi, baba yake aliegemeza kichwa ukutani. Alilala pale pale kwenye kiti, kama mtu aliyeendesha lori kutoka Mombasa bila kupumzika.

Baadaye chuo kingine kilinichukua nikafundishe timu yao, na nimekuwa kocha kwa miaka mingi tangu hapo. Sijawahi kuwa kocha mtulivu. Nawaangalia wachezaji midomo kabla sijaangalia alama, na wengine wamenicheka.

Alasiri moja, mwanzoni mwa kazi ile mpya, yule msichana alinitembelea kiwanjani. Alikuwa ameajiriwa ofisini mjini, amevaa viatu vya kisigino, na kovu lake likionekana kidogo juu ya shingo ya blauzi.

"Sasa, kocha," akanisalimu.

"Poa. Hujambo wewe?"

"Niko. Nipe mpira nirushe mmoja. Daktari amesema kurusha si vibaya."

"Amesema lini?"

"Kocha!"

Nikampa. Akavua viatu, akasimama kwenye mstari, akarusha. Mpira ukagonga ringi, ukaruka mbali kuelekea ukuta. Nikainua mkono kumtuma mchezaji mwingine, lakini alikuwa ameshaanza kuufuata mwenyewe, pekupeku, kwa mwendo wa kawaida tu. Nikasimama pale nimekunja vidole, nikimwangalia mgongo mpaka alipouokota.